Fedha za maabara za mifugo si za kutengeneza magonjwa

Kuna ujumbe wa miaka mingi kwenye makundi ya mtandaoni unaodai kwamba serikali ya Uingereza, inapogharimia kujenga upya maabara za magonjwa ya mifugo, inalipia utengenezaji wa magonjwa ili chanjo ziuzike. Madai hayo si ya kweli, ingawa yanapoanzia panaeleweka: mwaka 2007 ugonjwa wa miguu na midomo uliwapata ng'ombe wa Surrey, kusini mwa Uingereza, na wachunguzi wakahitimisha kuwa virusi huenda vilivuja kutoka eneo la maabara lililokuwa karibu. Hata hivyo, virusi hivyo havikubuniwa na mtu. Vilikuwa vya aina iliyotokana na mlipuko wa 1967, vikitumika katika utafiti na chanjo. Kilichoharibika kilikuwa mabomba ya majitaka, machakavu na yaliyopenywa na mizizi ya miti (naam, mizizi tu), hivyo virusi vikaingia kwenye udongo, kisha inaelekea magari ya ujenzi yakabeba matope yenye virusi hadi barabarani. Ukarabati unakusudiwa kuziba mianya ya namna hiyo. Ripoti za uchunguzi huo ziko wazi mtandaoni. Tafadhali zisome, na ujumbe huo usiusambaze.