Bia ya kwanza nyumbani: mambo ya kujua kabla hujafunga chupa

Anayenunua boksi la kutengenezea bia nyumbani hukuta ndani yake vitu vichache: kopo la kimea kizito cheusi, paketi ndogo ya hamira, pengine ndoo yenye mfuniko, mrija na karatasi ya maelekezo. Uingereza iliondoa sharti la leseni kwa bia ya matumizi ya nyumbani mwaka 1963, na Marekani ikaihalalisha kwa sheria aliyoisaini Rais Jimmy Carter mwaka 1978, hivyo ndugu zetu walioko huko hulikuta boksi hilo dukani waziwazi. Wapo pia wa Nairobi na Dar es Salaam wanaoagiza kwa mtandao. Wanapotuuliza sisi watu wa maabara ya vyakula, swali la kwanza huwa lile lile: hii haitaniua?

Wana haki ya kuuliza. Masikio yetu yamejaa habari za watu waliopofuka na kufa kwa pombe, na jina linalotajwa kila mara ni methanoli, aina ya kileo chenye sumu. Hamira inapokula sukari ya nafaka hutoa ethanoli, yaani kilevi chenyewe, pamoja na hewa ya kaboni dayoksaidi. Methanoli haitokani na sukari hiyo. Hutokana na pektini, ambayo ni nyingi kwenye matunda, na katika bia ya shayiri kiasi chake ni kidogo mno hata kisidhuru. Vifo vya Kabale, Uganda, Aprili 2010, na vile vya Kenya Mei 2014 vilisababishwa na vileo vilivyokuwa na methanoli nyingi. Kiasi kama hicho hakitoki kwenye ndoo ya kimea na hamira. Aghalabu ni methanoli ya viwandani iliyotiwa na mtu anayetaka faida ya haraka. Kwa hiyo bia ya kopo ibaki bia. Usijaribu kuipika upate gongo.

Lakini siwezi kusema kwamba pombe ya nafaka haina hatari kabisa, kwa sababu ya yaliyotokea Chitima, mkoani Tete, Msumbiji, Januari 2015. Watu walikunywa pombe ya kienyeji msibani. Walioathirika walifika 234 na kati yao 75 walifariki, wengi wakianza kuumwa tumbo na kutapika saa nyingi baada ya kunywa. Mitaani palivuma habari ya nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulionyesha jambo jingine: ndani ya pombe ile mlikuwa na asidi ya bongkreki, sumu inayotengenezwa na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, na bakteria huyo alikutwa kwenye unga uliotumika kupikia. Sumu hiyo haiharibiwi kwa kuchemshwa. Mama au baba anayepika pombe kwa unga ulioharibika, akitegemea kwamba moto utasafisha kila kitu, anacheza na roho za watu, na tunaomba hili lisikike kijijini na mjini. Kopo la kimea linakupunguzia hatari hiyo, kwa kuwa nafaka imekaguliwa, imechemshwa na kufungwa kiwandani. Ukikuta limevimba, lirudishe dukani bila kulifungua.

Kilichomo ndani ya kopo si kigeni kwetu. Kilimanjaro huotesha ulezi, huuanika, huusaga na kuutia kwenye ndizi zilizopikwa kupata mbege, na uchungu wake hutoka kwenye magome ya mti wa msesewa. Wapishi wa busaa Kenya nao hutegemea kimea cha wimbi. Kiwandani hufanya hivyo hivyo kwa shayiri: huloweka, huotesha, hukausha, huchemsha na maua ya hopsi yanayoleta uchungu na harufu, kisha hupunguza maji mpaka pabaki kitu kizito kinachonata kwenye kijiko.

Tofauti iko kwingine, nayo ndiyo sababu ya makala hii. Mbege na busaa hunywewa zikiwa bado zinachachuka, ndani ya siku moja au mbili, katika kibuyu au kata iliyo wazi. Hewa inayotoka hupotea zake. Bia ya kopo mwisho wake ni chupa iliyofungwa kwa nguvu. Mtu aliyekua akiona pombe ya kienyeji ana uzoefu mzuri wa kimea na hamira, lakini hajawahi kupata sababu ya kuogopa kizibo. Majeraha ya utengenezaji huu hutokea hapo, kwenye chupa ya kioo iliyofungwa kabla ya wakati na kupasuka kabatini, au mkononi mwa mtu.

Tuanze na siku ya kuchanganya. Kila kitakachogusa bia kioshwe kwanza kwa sabuni mpaka uchafu wote utoke, kisha kitakaswe kwa dawa iliyoko kwenye boksi. Hizo ni kazi mbili, na ya pili haina maana bila ya kwanza, kwani dawa haiwezi kuua vijidudu vilivyojificha chini ya utando wa uchafu. Angalia zaidi koki ya ndoo: ifungue vipande vyake, kwa maana ndani ya uzi wake hubaki masalia ambayo macho hayaoni. Ukitumia dawa ya klorini ya kufulia, suuza kwa maji yaliyochemshwa mara kadhaa, na usiichanganye kamwe na siki, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu.

Kopo la kawaida lina kilo 1.7 na hutengeneza lita 23. Lipashe kwenye maji ya moto ili kimea kilainike, kimimine ndani ya ndoo pamoja na kilo moja ya sukari au kimea cha unga kama maelekezo yanavyotaka, koroga kwa lita mbili au tatu za maji yaliyochemka, kisha jaza maji baridi mpaka alama ya 23. Kimea cha unga ni ghali kuliko sukari lakini bia hupata mwili, yaani uzito mdomoni. Nikipewa nafasi ya kuchagua mahali pa kutumia fedha ya ziada, nitaitumia hapo.

Maji ya bomba ya mijini yana klorini, nayo ikikutana na baadhi ya kemikali zinazotoka kwenye kimea na hamira huacha ladha ya dawa ya hospitali ambayo haitoki tena. Chemsha maji yako siku moja kabla na uyaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Maji ya kisima chenye chumvi, kama visima vingi vya Dar es Salaam, hayafai. Afadhali kununua maji ya kunywa.

Halafu joto. Hapa ndipo maelekezo ya karatasi, yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, yanapomwangusha msomaji wa pwani. Hamira nyingi za bia ya kopo hupenda nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi. Usiimwage kabla mchanganyiko haujashuka chini ya nyuzi 25. Aliyeko Njombe, Mbeya au Limuru ana joto hilo bila kutafuta. Aliyeko Mombasa au Tanga ana nyuzi 30 chumbani, na hamira yenyewe ikifanya kazi huongeza joto ndani ya ndoo. Katika joto hilo hamira hukimbia, na bia hutoka na harufu ya rangi ya kucha na ukali unaokwangua koo, ule ambao watu husema unaleta kichwa kuuma. Njia rahisi ni kusimamisha ndoo ndani ya beseni la maji, kuifunika kwa kanga iliyolowa ambayo ncha zake zimezama majini, na kuweka chupa ya barafu beseni asubuhi na jioni. Siku tatu za kwanza ndizo za kuangaliwa zaidi. Njia nyingine ni kubadili hamira: ile ya mashambani Norwei iitwayo kveik hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 30 na 40. Kwa mtu wa pwani ningemshauri hiyo kuliko kupigana na jua.

Baada ya saa 12 hadi 24 utaona povu. Fungua mfuniko mara moja tu kuangalia, na ujue unachokitazama. Povu la hamira huwa jeupe la maziwa, likiwa na madoa ya kahawia yenye kunata yanayoshika ukingo wa ndoo. Linatisha machoni lakini ni salama, na likishuka huacha mstari mchafu pembeni. Ukungu una sura nyingine kabisa: huja kwa viduara vyenye manyoya, vya kijani, kijivu au vyeusi, vikielea juu ya bia iliyokwisha kutulia. Ukiona hivyo, mwaga yote. Usiuengue ukanywa kilicho chini.

Sasa tufike kwenye kizibo. Wengi huhesabu siku: karatasi imesema siku saba, basi siku ya nane wanajaza chupa. Wengine hutazama mapovu ya kwenye kizibo cha maji, kile cha juu ya mfuniko kinachotoa hewa bila kuiingiza. Yakikoma, wanaamini kazi imekwisha. Vyote viwili vinadanganya. Mapovu hukoma pia kwa sababu mfuniko unavujisha hewa au usiku umekuwa wa baridi. Kinachosema kweli ni haidromita, kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya kipimo na kuonyesha uzito wa kimiminika ukilinganisha na maji. Kabla ya hamira, mchanganyiko wa kopo na kilo moja ya sukari husoma karibu 1.040. Hamira ikila sukari, namba hushuka hadi kama 1.010 au chini yake. Toa ya pili kwenye ya kwanza, zidisha kwa 131, utapata asilimia ya kilevi, ambayo hapa ni karibu 4.

Pima, subiri saa 48, pima tena. Namba zikiwa sawa na ziko karibu na ile inayotarajiwa, bia imekwisha kuchachuka. Zikitofautiana hata kidogo, rudisha mfuniko. Nitaeleza kwa nini ninashikilia hili. Ili bia ipate gesi ndani ya chupa, huongezwa gramu 6 hadi 7 za sukari kwa kila lita, yaani kama gramu 150 kwa ndoo nzima, na hamira iliyobaki huigeuza kuwa hewa isiyo na pa kutokea. Chupa imara huvumilia hiyo. Lakini bia iliyofungwa ikiwa kwenye 1.015, wakati ilipaswa kufika 1.010, imebeba bado takribani gramu 10 za sukari kwa lita, juu ya zile 6 ulizoongeza. Hewa itakuwa zaidi ya mara mbili ya uliyoikusudia, nayo itajikusanya kimya kwa wiki nzima.

Kwa bia ya kwanza, tumia chupa za plastiki za soda, safi na zenye vifuniko vyake. Zimetengenezwa kuhimili gesi, na unaweza kuziminya: zikiwa laini gesi bado, zikiwa ngumu imetosha, na hata ikizidi haziruki vipande. Chupa za maji ya kunywa hazifai, wala za pombe kali, kwani hazikutengenezwa kwa msukumo huo. Ukilazimika kutumia kioo, tafuta chupa za bia za kahawia zisizo na ufa, na usiweke sukari kwa kukadiria chupa moja moja. Iyeyushe yote kwenye maji kidogo yaliyochemka, uichanganye taratibu na bia, ndipo ujaze. Acha nafasi ya vidole viwili shingoni. Chupa angavu ziepushe na jua, kwa sababu mwanga ukigusa hopsi huleta harufu ya kicheche.

Chupa zikae wima ndani ya sanduku lenye mfuniko kwa wiki mbili katika joto la kawaida la chumba, mbali na watoto na jiko, kisha zihamie kwenye friji. Mashapo meupe yaliyo chini ni hamira na hayana madhara. Mimina polepole uyaache. Mjamzito, mwenye chini ya miaka 18 na anayeendesha gari wasionje. Walioko Kenya wakumbuke kwamba Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inadai leseni kwa anayetengeneza, si kwa anayeuza peke yake. Tanzania, uliza halmashauri yako kabla hujanunua kopo.

Na ikitokea umefungua chupa moja ya kioo na bia ikaruka hadi darini, usifungue ya pili siku hiyo. Vaa miwani na nguo ya mikono mirefu, funika sanduku kwa blanketi, lihamishe bila kulitikisa hadi kwenye friji, uliache humo siku mbili. Hewa huyeyuka zaidi ndani ya bia baridi na msukumo hupungua. Kisha chukua moja moja, izungushie taulo nene, na uachie kizibo kidogo kidogo juu ya sinki mpaka mluzi uishe.