Upepo wa Jua ni nini, na hunaswaje?

Upepo wa jua ni mkondo wa chembe zenye chaji ya umeme, hasa protoni na elektroni, unaotoka kwenye Jua na kusambaa pande zote bila kukoma. Chanzo chake ni korona, tabaka la nje la Jua, lenye joto linalozidi nyuzi milioni moja. Kwa joto hilo, mvutano wa Jua hauwezi kuizuia gesi yote isitoroke. Hukimbia kilomita 300 hadi 800 kwa sekunde.

Aliyelikokotoa jambo hili ni Eugene Parker wa Chuo Kikuu cha Chicago, mwaka 1958. Wengi walimpinga, lakini mwaka 1962 chombo cha Mariner 2 kilipita katikati ya mkondo huo kikielekea Zuhura na kuupima.

Kuupima ni jambo moja, kuushika mkononi ni jingine. Hapa Duniani haiwezekani, maana uga wa sumaku na angahewa hutukinga. Mwezi hauna kinga kama hiyo. Ndiyo maana Taasisi ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, ikiongozwa na Johannes Geiss, iliwapa wanaanga wa Apollo 11 karatasi ya alumini, upana sentimita 30, urefu sentimita 140. Haikuhitaji betri wala waya. Julai 1969 Buzz Aldrin aliitundika kwenye mlingoti ikitazama Jua, ikakaa dakika 77, kisha ikakunjwa na kurudishwa. Kwangu mimi, hakuna jaribio la anga lililobuniwa kwa werevu kuliko hili.

Chembe za upepo huo huja kwa kasi kubwa hivi kwamba hujichimbia ndani ya alumini na kubaki humo. Kule maabara, vipande vya karatasi vilipashwa moto mkali ndani ya ombwe, heliamu, neoni na agoni zikatoka, zikapimwa. Jaribio lilirudiwa katika safari nyingine nne, hadi Apollo 16.

Uwiano wa heliamu-3 na heliamu-4, yaani heliamu nyepesi na ile nzito zaidi, ndio uliozaa matunda makubwa. Jua lilipokuwa changa liligeuza deuteri yake, yaani haidrojeni nzito, kuwa heliamu-3. Kwa hiyo, kutokana na gesi iliyonaswa kwenye alumini, Geiss na wenzake waliweza kukadiria kiasi cha deuteri kilichokuwamo katika wingu lililozaa Jua, miaka bilioni 4.6 iliyopita.