Kingamwili Hushika Alama, Haimshiki Bakteria

Mara kwa mara huulizwa ni kingamwili ipi (protini ya kinga inayonasa vitu vigeni mwilini) iliyo bora kwa kugundua salmonela au bakteria mwingine wa maradhi, nami hujibu kwa kuuliza imetengenezwa dhidi ya alama gani. Kingamwili haimtambui bakteria mzima. Hushika sehemu ndogo tu ya molekuli, ndiyo niiitayo alama, na sehemu hiyo huweza kuwapo pia kwa bakteria wa jamii nyingine kabisa.

Mfano unaosumbua maabara nyingi ni Brucella abortus, wa ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe, na Yersinia enterocolitica O:9, wa maradhi ya kuhara, ambao minyororo ya sukari iliyo juu ya ganda lao inafanana kiasi kwamba kingamwili ya mmoja humshika na mwingine. Sungura anapochanjwa kwa bakteria waliouawa, seramu yake, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, huwa na mchanganyiko wa kingamwili, nyingine zikiwa za alama za pamoja kama hizo. Suluhisho la zamani, ambalo bado naliheshimu, ni kuichanganya seramu na wale bakteria wasiotakiwa ili wanyonye kingamwili zinazowahusu, kisha kuwaondoa. Ndiyo mbinu iliyowezesha kuzipambanua aina za salmonela, ambazo zimezidi 2,500.

Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, waliunganisha seli ya panya inayotoa kingamwili na seli ya saratani isiyoacha kugawanyika, wakapata kingamwili za aina moja tupu, yaani monokloni. Faida yake kubwa ni kwamba toleo la leo hufanana na la mwakani. Hata hivyo, ikiwa alama iliyochaguliwa ni ya pamoja, monokloni nayo itakosea, tena kila mara na kwa namna ileile.

Staphylococcus aureus, bakteria wa majipu, ana hila yake. Protini A iliyo juu ya ganda lake hudaka mkia wa kingamwili nyingi, hasa za sungura, bila kujali zilikusudiwa nini, na asiyelijua hilo hudhani amepata jibu chanya. Ndiyo maana kwa bakteria huyu napendelea vipande vya kingamwili vilivyokatwa mkia, au kingamwili za kuku, ambazo protini hiyo haizishiki.

Wakati mwingine alama ipo lakini imefunikwa. Salmonella Typhi, wa homa ya matumbo, huwa na utando uitwao Vi unaozuia kingamwili za O, yaani za minyororo ya sukari iliyo juu ya ganda, zisifike. Mchanganyiko wa bakteria ukichemshwa, utando hutoka na bakteria hugandamana wakikutana na kingamwili hizo, kama inavyotarajiwa.

Lakini uwezo huohuo wa kushika alama iliyochemshwa unaonyesha kwamba kingamwili haitofautishi bakteria hai na mfu. Kipimo kinachotumia kingamwili kutafuta kwenye mkojo alama za Legionella, bakteria wa homa ya mapafu, kwa mfano, huweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya tiba kufaulu, kwa hiyo hakifai kutumiwa kuamua kama mgonjwa amepona.