Kabla ya kumeza prednisoloni, tujue ni seli gani inayoendesha ugonjwa

Wagonjwa wengi wanaonijia wakihema kwa ugonjwa ulioenea mapafu yote mawili huwa wameshameza prednisoloni, dawa ya kushusha kinga ya mwili. Wengine walipewa hospitali, wengine waliinunua dukani kwa ushauri wa jirani. Hoja ni ileile: mapafu yamevimba kwa sababu kinga imechachamaa, basi tuishushe. Hoja hiyo ni ya kweli kwa baadhi ya magonjwa haya. Kwa mengine inaua.

Tofauti iko kwenye seli ya kinga inayoongoza, na nitaieleza kwa kuwatazama wanaapolo, wachimbaji wa tanzanite wa Mererani, wilayani Simanjiro.

Ndani ya vifuko vya hewa, seli ya kinga iliyo nyingi kuliko zote ni makrofaji. Ukiingiza maji ya chumvi kwenye pafu la mtu mzima mwenye afya asiyevuta sigara, kisha ukayavuta na kuyapima, zaidi ya asilimia 80 ya seli utakazozikuta ni hizo. Kazi yake ni kumeza: bakteria, masizi, mabaki ya seli zilizokufa. Élie Metchnikoff, aliyetufundisha kazi hii ya umezaji, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908.

Sasa mwanaapolo anatoboa mwamba mkavu, au baruti imelipuka naye anarudi shimoni vumbi likiwa bado limetanda. Anavuta silika, madini magumu yaliyomo kwenye vumbi la mwamba. Chembe kubwa hunaswa puani na kwenye kamasi za njia ya hewa. Zile ndogo, chini ya mikromita 5 hivi, hufika hadi kwenye vifuko, na makrofaji huzimeza kama inavyomeza kila kitu. Ila silika haisagiki. Chembe inapasua kifuko cha vimeng'enya kilichomo ndani ya seli, na vimeng'enya vinamwagika. Tangu mwaka 2008 tunajua kwamba mpasuko huo huamsha mtambo wa protini uitwao NLRP3, nao huachilia interleukini-1 beta, ishara kali ya kuita uvimbe. Makrofaji inakufa. Chembe inatoka ikiwa nzima kama ilivyoingia, na makrofaji nyingine inakuja kuimeza.

Familia huniuliza: "Daktari, huyu mgodi ameuacha zamani, mbona anazidi kuchoka?" Jibu ndilo hilo. Vumbi alilotoka nalo mgodini likiwa mapafuni bado linaua seli zake, moja baada ya nyingine, na kila inayokufa inaongeza wito kwa fibroblasti, seli zinazotengeneza kolajeni, nyuzi za protini zinazojenga kovu. Vinundu vigumu hujengeka, mara nyingi sehemu za juu za mapafu, na vinaweza kuungana kuwa kovu kubwa. Hiyo ndiyo silikosisi. Hakuna dawa iliyothibitika kuliyeyusha kovu hilo.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi. Makrofaji hiyohiyo iliyoharibiwa na silika ndiyo tunayoitegemea kumzuia bakteria wa kifua kikuu. Ndiyo maana wenye silikosisi hupata TB kwa urahisi kuliko watu wengine, hata miaka mingi baada ya kuacha kazi. Na kwenye picha ya kifua magonjwa haya mawili hufanana: vivuli juu, kikohozi, kukonda. Mchimbaji mmoja anapewa dawa za TB mara kwa mara bila vimelea kuonekana, mwingine ana TB kweli na anaambiwa ni vumbi tu. Nawasihi wenzangu wa zahanati na vituo vya afya: mwulize kila mgonjwa kazi alizowahi kufanya, hata za ujanani, na makohozi yapimwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria wa TB. Ukimpa mtu huyu prednisoloni, kovu litabaki palepale, na kinga kidogo iliyokuwa ikimzuilia TB utakuwa umeidhoofisha.

Yapo magonjwa ambayo hali ni tofauti. Mtu aliyedhurika kwa kuvuta vumbi la nyasi zenye ukungu au la manyoya na kinyesi cha ndege, maji yaliyovutwa kutoka pafu lake mara nyingi hujaa limfosaiti, aina nyingine ya seli za kinga. Kwenye sarkoidosisi, ugonjwa ambao seli za kinga hujikusanya kuwa vinundu mapafuni na kwingineko, pia limfosaiti ndizo zinazoongoza, hasa kundi liitwalo CD4. Hapo dawa ya kushusha kinga mara nyingi husaidia, ingawa kwa yule wa ndege jambo la kwanza ni kuwaondoa ndege.

Halafu kuna ugonjwa wa makovu ya mapafu usiojulikana chanzo. Kwa miaka mingi ulitibiwa kwa prednisoni, ndugu wa prednisoloni, na azathioprini, dawa nyingine ya kushusha kinga. Mwaka 2012 jaribio la PANTHER la Marekani lilitoa matokeo: kati ya wagonjwa 77 waliopewa dawa hizo pamoja na asetilisisteini, walifariki 8, katika kundi la karibu idadi hiyohiyo lililopewa vidonge vya kulinganishia visivyo na dawa ndani, alifariki 1. Leo ugonjwa huo hutibiwa kwa pirfenidoni au nintedanibu, zinazopunguza kasi ya kovu badala ya kuizima kinga.

Kwa aliye shimoni leo, kinga iliyopo ni kutoboa kwa maji, kusubiri vumbi litue, kupitisha hewa, na barakoa halisi ya vumbi, kwani kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii chembe za ukubwa huo. Na kama umekuwa ukimeza prednisoloni kwa wiki kadhaa, usiiache ghafla baada ya kusoma haya: mwili huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe. Rudi kwa daktari akupunguzie dozi polepole, na umwambie ulifanya kazi wapi.