Umevuta moshi wa ghala? Maziwa hayakufai

Ghala likishika moto Lamu, mtaa mzima hukimbilia ndoo, na ni jambo jema. Moto ukishazimwa, waliokuwa mbele huketi barazani, pua nyeusi kwa masizi, wakapewa maziwa "yatoe sumu". Maziwa huenda tumboni. Moshi umeingia mapafuni na kwenye damu, na huko maziwa hayafiki.

Mimi ni mtaalamu wa afya ya mazingira, na nalisema hili kwa uchungu: moshi wa ghala si moshi wa kuni. Godoro la sponji likiungua hutoa sumu ya sianidi. Mabomba ya plastiki ya PVC na nyaya za umeme hutoa gesi ambayo ikikutana na unyevu wa macho na koo hugeuka tindikali. Na karibu kila kitu kinachoungulia ndani kwa hewa haba hutoa kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, nayo huing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kitambaa chenye maji puani hupunguza masizi. Gesi hiyo hukipenya.

Anayenitia hofu zaidi ni yule asemaye "mimi mzima". Zipo gesi, kama oksidi za nitrojeni, zinazomwacha mtu akijiona salama kwa saa kadhaa, hata siku nzima, kisha mapafu yakajaa maji usiku. Sauti ikikwaruza, makohozi yakawa meusi, kichwa kikauma au kifua kikabana, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Mjamzito, mtoto na mwenye pumu wasingoje dalili. Na mkifika, mwambieni mhudumu waziwazi kwamba mtu huyu amevuta moshi, kwa kuwa kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni chaweza kusoma asilimia 98 ilhali damu imejaa kaboni monoksidi. Kifaa hicho hakiwezi kuitofautisha na oksijeni.

Moto ukiwa ungali unawaka, tazameni upepo. Wakati wa kusi moshi huelekea kaskazini, na wakati wa kaskazi hurudi kusini. Ondokeni kwa kuukata upepo ubavuni, msikimbie nao. Vichochoro vyetu vyembamba hushika moshi muda mrefu.

Maji ya kuzimia moto nayo huteremka baharini na sumu zake. Mwaka 2021 meli ya X-Press Pearl iliungua karibu na Colombo, Sri Lanka, katika Bahari hii hii ya Hindi, ikiwa na tani 25 za asidi ya nitriki na shehena ya punje za plastiki. Punje zilitapakaa ufuoni na wavuvi wakazuiwa kuvua.

Kwa watu wa visiwani lipo moja zaidi: jabia, yaani birika la kuhifadhia maji ya mvua. Masizi yaliyotua juu ya paa hungoja mvua. Kabla haijanyesha, ondoeni mfereji unaopeleka maji jabiani, paa lioshwe na mvua ya kwanza, na maji hayo yamwagwe. Ikiwa masizi yamekwisha kuingia, msiteke ya kunywa wala kupikia mpaka afisa wa afya ya umma aje kuyapima. Kuyachemsha huua vijidudu tu. Sumu ya masizi hubaki sufuriani.