Mtoto haumwi, lakini mlete kliniki apimwe

Malalamiko yanayotufikia kuhusu kliniki za watoto yanafanana: mtoto ni mzima, chanjo anapata, kwa nini mama akae kwenye foleni asubuhi nzima ili mtoto awekwe kwenye mizani na kurudishwa mgongoni? Foleni ndefu ni kero ya kweli, na hatuitetei. Ila kupima uzito si shughuli ya kusindikiza chanjo. Katika mwaka wa kwanza ndicho kipimo kinachowahi kuonyesha kwamba kuna jambo haliendi sawa, mara nyingi kabla mama hajaona dalili yoyote.

Chukua watoto wawili wa kike, wote wana miezi 7 na wote leo wana kilo 6.9. Wa kwanza alizaliwa na kilo 2.6, akafika kilo 5.2 akiwa na miezi 3, na kilo 6.2 akiwa na miezi 5. Nukta za uzito wake kwenye kadi ya kliniki ziko chini ya mstari wa katikati, yaani ule wa uzito wa wastani kwa umri huo, tangu mwanzo, lakini zinapanda sambamba nao. Huyo anakua vizuri, na mama yake asikose usingizi kwa sababu mtoto wa jirani ni mnene. Wa pili alikuwa na hizohizo kilo 6.9 alipofika miezi 5, palepale kwenye mstari wa katikati. Miezi miwili imepita, hajaongeza kitu. Ukiwapakata wote wawili, huenda usione tofauti, na pengine huyu wa pili ndiye mwenye mashavu. Ndiye anayetutia wasiwasi.

Kwa hiyo uzito wa siku moja hautuambii mengi. Tunachosoma ni mwelekeo wa mstari, na mstari hauwezi kuchorwa kwa nukta moja. Mama anayekuja mwezi wa 4 kisha akapotea hadi mwezi wa 9 anatuachia pengo ambalo hakuna mtaalamu anayeweza kulijaza kwa kumtazama mtoto usoni.

Tunaambiwa pia kwamba ukoo fulani ni wa watu wembamba, au kwamba vipimo hivi vilitungwa kwa watoto wa nchi nyingine. Hili tumelieleza sana. Kati ya 1997 na 2003, Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wapatao 8,500 katika nchi za Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na viwango vilivyotokana na kazi hiyo vilitolewa mwaka 2006. Ilionekana kwamba watoto wadogo wanaonyonyeshwa, wanaolishwa vizuri na kupata huduma za afya hukua kwa namna inayokaribiana sana popote walipo. Urithi wa wazazi upo, lakini haumfanyi mtoto aache kuongezeka ghafla akiwa na miezi 6.

Kasi yenyewe hubadilika, na hapa wazazi wengi hushtuka bure. Siku chache za mwanzo mtoto hupungua, hata kufikia sehemu ya kumi ya uzito aliozaliwa nao, kisha huurudisha kufikia wiki ya 2. Huo ndio wakati mama anapoambiwa na watu kwamba hana maziwa. Baada ya hapo huongezeka haraka: kwenye miezi 5 hivi huwa na uzito mara mbili ya ule wa kuzaliwa, na anapokaribia mwaka huwa mara tatu. Katika nusu ya pili ya mwaka nyongeza ya kila mwezi ni ndogo. Mistari ya kwenye kadi nayo imepinda kufuata hali hiyo, ndiyo maana tunasisitiza kadi isomwe badala ya kukisia.

Utaratibu wa kupima una hatua zake, na mzazi ana haki ya kuona zinafuatwa. Mizani isome sifuri kabla mtoto hajawekwa. Mtoto avuliwe nguo na nepi. Nepi iliyolowa na sweta nzito zinatosha kuficha mwezi mzima wa kutoongezeka, kwa hiyo anayekuambia umvue hakusumbui. Uzito usomwe mtoto akiwa ametulia, uandikwe papo hapo, kisha nukta iwekwe kwenye umri wa miezi iliyotimia: mtoto wa miezi 5 na wiki 3 ni wa miezi 5. Aliyezaliwa kabla ya wakati huhesabiwa umri kwa kuondoa wiki alizowahi; mkumbushe mhudumu kila mara. Urefu hupimwa mtoto akiwa amelala kwenye ubao, na watu wawili: mmoja anashika kichwa, mwingine ananyoosha miguu. Kichwa nacho kizungushiwe utepe. Usiondoke kabla ya kuonyeshwa nukta ya leo na ile iliyotangulia. Ukiambiwa tu kwamba mtoto anaendelea vizuri, omba kadi ifunguliwe.

Jambo jingine linalovuruga usomaji wa kadi ni kuficha. Baadhi ya akina mama huficha kwamba wanatumia maziwa ya kopo, wakihofia kwamba wamevunja sheria. Tuliweke wazi. Kanuni ya Kimataifa ya mwaka 1981 inahusu uuzaji na utangazaji wa maziwa mbadala. Inakataza kutangaza maziwa hayo kwa umma, kuwapa akina mama sampuli za bure, kuwapa wahudumu wa afya zawadi ili wayasifie, na kuweka picha za watoto wachanga kwenye makopo. Nchi nyingi zimeingiza kanuni hiyo katika sheria zao, na adhabu hutofautiana. Wanaolengwa ni watengenezaji, wauzaji na wahudumu wa afya wanaokiuka. Mama anayemlisha mwanawe hayumo. Tunachohitaji ni ukweli: anapewa nini, kiasi gani, na unga unachanganywaje. Maziwa yaliyozidishiwa maji ili kopo lidumu ni sababu ya kweli ya mstari kulala.

Maji kabla ya miezi 6 hayahitajiki, hata kukiwa na joto kali. Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji. Kila kijiko cha maji kinachukua nafasi ya maziwa tumboni na kinaweza kuingiza vijidudu. Anayelilia kiu anyonyeshwe.

Mistari mingi huanza kuinama baada ya miezi 6, na kisa chake kinajulikana. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto inakuwa imekwisha, maziwa peke yake hayatoshi tena, na chakula anachopewa ni chepesi mno. Tumbo lake hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito, yaani mtoto wa kilo 8 anashiba kwa mililita 240. Ukizijaza kwa uji wa maji, amelala ameshiba na hajapata kitu. Chakula kiwe kizito kiasi cha kukaa kwenye kijiko kikiinamishwa, na kiwe na yai, samaki, nyama au maharage yaliyopondwa tangu mwanzo. Hatujui ni nani aliyeeneza kwamba yai lisubiri meno. Anza na vijiko 2 hadi 3, mara 2 au 3 kwa siku, uongeze taratibu hadi nusu kikombe. Kuanzia miezi 9 iwe mara 3 au 4, na kunyonya kuendelee. Asali asipewe kabisa kabla ya mwaka, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli yake, hata ya kupumulia.

Kuharisha kwa umri huu husingiziwa meno. Meno hayaharishi. Yanaota wakati uleule mtoto anapotambaa na kutia kila kitu mdomoni. Mpe maji yenye chumvichumvi maalumu kwa mtoto anayeharisha (ORS) na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku akiwa chini ya miezi 6, miligramu 20 akizidi hapo.

Chanjo iliyochelewa hutolewa pale ulipofika. Hatuanzi upya mfululizo, na mafua ya kawaida si sababu ya kuahirisha. Mnaolalamika kuambiwa mrudi siku nyingine kwa chanjo ya surua, chanzo ni chupa: ina dozi za watoto kadhaa, na ikishachanganywa hutupwa ndani ya saa sita, hivyo baadhi ya vituo husubiri watoto watimie. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Ulizia kwa upole, na ukikataliwa muone msimamizi wa kituo.

Usisubiri siku ya kliniki mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea, kifua kikibonyea anapovuta pumzi, au, kwa aliye chini ya miezi 2, joto likifika nyuzi 37.5.

Chanjo ya surua ikishachomwa, kwa kawaida mwezi wa 9, ndipo wengi huacha kuja, na ndio umri ambao udumavu hushika kasi. Mstari ukilala, mtoto hutafutiwa sababu, hupimwa mzingo wa mkono, na mama huombwa amrudishe mapema kabla ya mwezi kuisha. Mzingo huo ukiwa chini ya milimita 115 kwa aliyefikisha miezi 6, matibabu ya utapiamlo mkali huanza mara moja. Aliyepoteza kadi aje hivyohivyo: rejesta ya kituo ina rekodi, kadi mpya huandikwa kutoka humo, na nukta za zamani zinarudishwa mahali pake.