Stika imefutika, leseni ingalipo: dhana potofu kuhusu kusakinisha Windows upya

Laptopu iliyozungushwa kwenye mkoba miaka mingi, kutoka matatu hadi meza ya ofisi, humfikia fundi wa Luthuli Avenue, Nairobi, stika yake ya Windows ikiwa imefutika na kubaki nyeupe tupu tumboni. Fundi huigeuza, hutikisa kichwa, kisha hutaja bei ya leseni mpya. Mara nyingi bei hiyo haina msingi, kwa sababu stika si leseni.

Dhana: Stika isiposomeka, huwezi kusakinisha upya

Inategemea mashine ilitoka kiwandani lini. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji wakubwa wa laptopu waliacha kuchapa ufunguo, yaani msimbo wa kuthibitisha (kuamilisha) leseni, kwenye stika. Huuandika ndani ya chipu ya BIOS, programu ya msingi inayowasha mashine, katika jedwali liitwalo MSDM. Ukisakinisha toleo lilelile, kisakinishi huusoma chenyewe wala hakikuulizi kitu.

Kuuona, fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, kwa ruhusa ya msimamizi, uandike:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Kama diski imekufa, washa mashine kwa flashi yenye mfumo wa Linux, kisha andika:

sudo strings /sys/firmware/acpi/tables/MSDM

Mstari wa mwisho una alama 29: herufi na tarakimu 25, pamoja na vistari vinne. Jibu likija tupu, au faili lisipopatikana, bodi hiyo haina ufunguo. Ama mashine ni ya enzi za Windows 7, ama iliundwa bila Windows, ama bodi kuu ilibadilishwa. Hili la mwisho husahaulika sana: bodi ikiondolewa, ufunguo huondoka nayo. Unakili kabla fundi hajashika bisibisi.

Dhana: Kisakinishi kikidai ufunguo, lazima uwe nao

Chini ya kisanduku hicho kuna mstari mdogo wa kusema huna ufunguo. Ubofye, uendelee. Tangu Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, mashine iliyowahi kuamilishwa huweza kuwa na leseni ya kidijitali: seva za Microsoft huitambua kwa vifaa vyake, hasa bodi kuu. Ikipata intaneti baada ya usakinishaji, hujiamilisha yenyewe.

Sharti ni aina ileile ya Windows, Home au Pro. Leseni ya Home haiamilishi Pro, na ya Pro haiamilishi Home. Hapa ndipo wengi hukwama: BIOS ina ufunguo wa Home, mwenye mashine alilipia Pro baadaye, na kisakinishi kikaweka Home kimyakimya. Dawa ni faili la maandishi liitwalo ei.cfg ndani ya folda ya sources kwenye flashi, lenye mistari miwili: [Channel], na chini yake Retail. Sasa utaonyeshwa orodha ya kuchagua.

Dhana: Programu za kufichua ufunguo hutoa ule wa stika

Mara nyingi hutoa ufunguo wa jumla ambao mamilioni ya mashine wanao. Ukiona unaishia 3V66T (Pro) au 8HVX7 (Home), usihangaike kuuandika popote. Huo haubebi leseni yoyote. Kwenye Windows 7 iliyowekwa kiwandani ni vivyo hivyo: uliosajiliwa ndani ni wa mtengenezaji, wa stika ni mwingine kabisa.

Dhana: Stika iliyofifia ya Windows 7 ni ya kutupwa

Kwanza toa betri. Kwenye baadhi ya laptopu stika yenye ufunguo iko chini yake, safi kabisa. Usiipanguse kwa spiriti, inaweza kuondoa wino uliobaki. Mulika tochi kwa ubavu, piga picha, ongeza utofauti wa mwanga na giza, kisha geuza rangi.

Halafu tumia kanuni ya herufi. Funguo za Windows 7 hutumia alama 24 tu: B C D F G H J K M P Q R T V W X Y na 2 3 4 6 7 8 9. Hakuna irabu, hakuna 0, 1 wala 5, hakuna L, N, S wala Z. Unachokiona kama O ni Q au D. Kinachofanana na Z ni 2. Kinachofanana na S huenda ni 8. Utata unaobaki ni wa jozi kama B na 8, au G na 6. Alama tatu zenye shaka, kila moja ikiwa na chaguo mbili, ni majaribio manane. Tano ni 32. Windows 7 hukagua ufunguo papo hapo bila intaneti, kwa hiyo kukosea hakukugharimu kitu.

Lakini pima kama kazi hiyo ina faida. Windows 7 haipati masasisho ya bure tangu tarehe 14 Januari 2020, na Septemba 2023 Microsoft ilifunga njia ya kutumia funguo za 7 na 8 kuamilisha 10 au 11. Inafaa tu kwa mashine inayoendesha programu ya zamani ya hesabu isiyokubali kwingine.

Dhana: Laptopu ya ex-UK (iliyotumika Uingereza) ikionyesha Windows imeamilishwa, basi mambo yamekwisha

Andika slmgr /dli kwenye PowerShell. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT, mashine inategemea seva ya kampuni iliyoiuza, au programu ya kuvunja leseni inayojifanya seva hiyo. Uamilisho huo hudumu siku 180, kisha maandishi ya onyo hujitokeza pembeni mwa skrini na mnunuzi anarudi dukani Moi Avenue kugombana. Kumbe mashine nyingi za kampuni zina ufunguo wa Pro ndani ya BIOS. Sakinisha Pro, ugomvi uishe.

Dhana: Stima ikipotea katikati, leseni huharibika

Hapana. Unaanza upya tu. Kinachoogopwa stima ikipotea ni kusasisha BIOS.

Dhana: Ufunguo ni mmoja

Ule wa BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski, ni mwingine, wenye tarakimu 48, na hauhusiani na leseni. Laptopu nyingi za sasa husimba diski, yaani huifunga isisomeke bila ufunguo huo, bila kumuuliza mwenyewe. Kabla ya kugusa chochote, andika manage-bde -protectors -get C: kwa ruhusa ya msimamizi, unakili tarakimu hizo kwenye karatasi, kisha hamisha mafaili yako. Windows ikigoma kuwaka kabla hujafanya hivyo, zitafute kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Zisipopatikana huko wala kwingine, hakuna fundi atakayeyafungua mafaili hayo.